Asubuhi Moja Bwawani Hombolo: Huduma ya Kutazama Bata Pori na Daftari la Majina Yao

Jumamosi ya kwanza ya mwezi Machi niliamka saa kumi alfajiri, nikamwamsha binti yangu mwenye miaka 11, tukatoka Dodoma mjini kwa njia ya Ihumwa kuelekea Hombolo, ambako kijana mmoja mwenyeji wa kando ya bwawa ameanzisha huduma ya kuwapeleka watu kutazama bata pori kwa mtumbwi huku akiwasimulia namna kila bata alivyopata majina yake. Habari zake nilizipata kwa mwalimu mwenzangu, ambaye hakunieleza mengi zaidi ya kuniambia, "Mwombe akuonyeshe daftari." Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 19, na katika muda huo wote sijachoka kuwauliza wanafunzi kwa nini kitu kinaitwa hivi na si vile, kwa hiyo maneno hayo mawili, daftari na majina, yalitosha kunitoa kitandani.

Gharama ni shilingi 40,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, ikijumuisha mtumbwi, mwongozaji, nahodha ambaye ni mjomba wake, na chai ya rangi na viazi vitamu mnaporudi nchi kavu. Kwa saa nne na nusu majini, naona bei hiyo ni ya haki.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, kilomita 40 hivi kaskazini mashariki mwa mji, kwa kuzuia maji ya kijito kinachoingia mto Kinyasungwe, ambao nao hatimaye hupeleka maji yake Wami. Wengi wetu tunalijua kwa perege na kwa mashamba ya zabibu yaliyo jirani. Mwezi Machi, mvua zinapokuwa zimejaza kingo na matete yamesimama marefu, bata huwa wengi kiasi kwamba unawasikia kabla hujayaona maji.

Tulipofika, mjomba alitusalimu kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akaushika upondo wake, nasi tukaingia mtumbwini. Hatukuwa tumefika mbali pale kundi la bata kama 60 liliponyanyua shingo kwa pamoja kwenye ukingo wa tope. Walisimama wima kama wanafunzi mstarini, wenye uso mweupe, kisogo cheusi na kifua cha rangi ya hudhurungi, na papo hapo wakaanza kupiga mluzi wa sauti tatu, ya kwanza ikipanda na mbili za mwisho zikishuka kwa haraka. Mwongozaji hakuwataja jina. Alimgeukia binti yangu na kumwuliza, "Wewe ungemwitaje?" Binti alimtazama bata aliye karibu kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba uso ule ni kama wa mtu aliyetoka mashineni kusaga, unga haujafutwa. Kijana alitoa kalamu sikioni, akafungua daftari, akaandika: bata wa mashineni.

Hapo ndipo nilipoielewa huduma yenyewe. Daftari ni la kawaida, lenye kurasa za mistari, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kingo zake zimevimba kwa unyevu. Kila bata ana kurasa zake, na kila mgeni anayepita huombwa aandike jina la bata huyo kwa lugha ya kwao pamoja na sababu ya jina. Kijana aliwahi kufanya kazi katika kambi za watalii kusini mwa nchi kwa miaka kadhaa, na wageni wa huko ndio waliojaza kurasa za mwanzo. Hakuna jina analolisoma bila kukuonyesha kwanza, kwenye mwili wa ndege aliye mbele yako, kile kilicholizaa.

Chukua huyo bata wa mashineni. Mwaka 1766 mtaalamu wa Uswidi, Linnaeus, alimpa jina la Kilatini viduata, lenye maana ya aliyefiwa, kwa kuwa uso mweupe uliozungukwa na weusi ulimkumbusha mjane aliyejitanda. Wajerumani wamelifuata wazo hilo, nao humwita Witwenpfeifgans, yaani bukini mjane apigaye mluzi. Wafaransa wamemfanya mwanamume aliyefiwa na mke. Waafrikana wa Afrika Kusini, kwa uso uleule, wakaona mtawa wa kike aliyevaa kitambaa chake, wakamwita Nonnetjie-eend. Lakini bata huyuhuyu anaishi pia Amerika ya Kusini, na huko watu hawakuhangaika na uso wake hata kidogo. Wabrazili humwita irerê, Waajentina humwita sirirí, na ukiyatamka majina hayo mawili polepole huku kundi likiruka juu ya kichwa chako, unasikia mluzi wenyewe ukijitaja. Mwongozaji alitunyamazisha sote, akangoja waruke, kisha akasoma "irerê" kwa sauti ya chini. Binti yangu alicheka kwa mshangao. Mimi, nikisema kweli, nilisisimka mwili, kwa maana sijawahi kufundisha somo la tanakali za sauti likaeleweka kwa sekunde tatu namna ile.

Ndugu yake mwenye rangi ya kahawia yote alikuwepo pia, wachache. Mgeni mmoja kutoka Louisiana alikuwa ameandika kwamba wawindaji wa kwao humwita Mexican squealer, mpiga mayowe wa Meksiko, kwa sababu ya sauti na kwa sababu ya upande waliodhani anatokea. Jina la aina hiyo hukueleza zaidi habari za mwenye kulitoa kuliko za ndege.

Muda mrefu zaidi tuliutumia kwa bata mwenye kinundu, na sikujuta. Mjomba aliuzima mwendo, akaukita upondo kwenye tope, akauacha mtumbwi ujisogeze taratibu nyuma ya matete mpaka tukawa hatua 20 hivi kutoka kwa dume aliyesimama juu ya gogo lililozama. Kichwa chake ni cheupe chenye madoadoa meusi, kama mtu amekitikisia wino. Mgongo ni mweusi, lakini jua lilipompiga ulibadilika kuwa wa kijani na zambarau kama mafuta yaliyomwagika barabarani. Juu ya mdomo wake, kuanzia usoni hadi karibu na ncha, kumesimama kipande cha nyama cheusi, bapa, chenye umbo la nusu sahani. Kijana alitueleza kwamba kinundu hicho huvimba wakati wa kuzaliana, yaani majira hayahaya ya mvua, na kwamba jike hana kitu hicho kabisa na ni mdogo kwa umbo. Kisha akafungua ukurasa. Jina la kitaalamu, Sarkidiornis, limetokana na Kigiriki na maana yake ni ndege mwenye kipande cha nyama. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine, kuna neno nakta, jina la Kihindi lililotokana na nak, yaani pua. Mgeni aliyeliandika alichora pembeni bata mwenye pua kubwa. Wagiriki wa vitabuni na wakulima wa India hawakushauriana, ila wote walitazama mahali pamoja.

Upande wa mabukini pori, kijana alikwenda haraka zaidi, pengine kwa sababu ndege wenyewe walikuwa mbali. Yule ambaye Wajerumani humwita Nilgans, bukini wa mto Naili, na ambaye Wamisri wa kale walimchora kwenye kuta za makaburi yao, wataalamu wamempa jina Alopochen, bukini mbweha, kwa ajili ya wekundu wa manyoya ya mgongo. Waafrikana wao walitazama doa la kahawia lililo kifuani, wakamwita Kolgans, bukini mwenye doa. Yule mkubwa kuliko wote, mweusi mwenye tumbo jeupe, ana kipi kwenye kiungo cha bawa mfano wa kipi cha jogoo, na jina lake la Kigiriki, Plectropterus, linasema hivyohivyo: mwenye kipi bawani. Neno la pili la jina lake ni la nchi ya Gambia, na kijana alitumia nafasi hiyo kutueleza kwamba huko imethibitika kuwa nyama ya ndege huyu huweza kuwa na sumu, kwa kuwa hula mbawakawa wenye sumu iitwayo kantharidini, ambayo haimdhuru mwenyewe bali humdhuru anayemla. Maelezo hayo hayahusu asili ya majina, lakini niliyapenda, na mjomba aliyasikiliza kwa makini kuliko sisi.

Kisha tukamwona mgeni wa mbali. Ni bata mdogo ambaye dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho unaoshuka hadi kisogoni, na huzaliana Ulaya na Asia, akija kwetu kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi. Hakutoa sauti asubuhi ile. Mwongozaji aliingiza mkono mfukoni, akatoa chanuo, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye meno yake: krrrk. Akarudia mara mbili. "Hiyo ndiyo sauti ya dume," akasema, kisha akatusomea majina. Warumi walimwita querquedula. Wajerumani humwita Knäkente. Waingereza wa mashambani walimwita bata nyenje, kwa kuwa sauti ile ilifanana na ya mdudu huyo jioni. Baada ya kulisikia chanuo, hakuna hata moja kati ya majina hayo lililohitaji kufafanuliwa, na naamini binti yangu atamtambua bata huyo hata akiwa kipofu wa macho.

Pembeni yake walikuwa wawili wenye mdomo mpana kama umepondwa kwa nyundo, wakiuburuza juu ya maji kuchuja vijidudu. Kuhusu hawa, dunia nzima imekubaliana kwamba ni kijiko. Kilatini ni Spatula, Kijerumani Löffelente, wawindaji wengi wa Marekani husema spoonbill, na Wafaransa wa Louisiana husema micouenne, neno la kijiko kikubwa cha mbao ambalo wao wenyewe walilipata kwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Niliandika kwa mkono wangu: bata mwiko. Sijui kama nimetunga jina au nimeliokota tu majini.

Nataka nieleze pia jinsi kijana anavyoyashughulikia majina mabaya, kwa kuwa hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Kuna bata mdogo sana, mwenye kofia nyeusi, shavu la rangi ya maziwa na mdomo wa buluu, ambaye kwa muda mrefu vitabu vya Kiingereza vilimwita kwa neno ambalo walowezi wa Kiholanzi walilitumia kuwadharau Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Siku hizi orodha kubwa ya kimataifa ya ndege inamwita kwa mdomo wake wa buluu. Kijana ameliacha jina la zamani daftarini likiwa limepigwa mstari mmoja mwembamba unaoruhusu kusomeka, na kando yake ameandika sababu. Ameandika pia kwamba jambo kama hilo lilitokea Marekani mwaka 2000, wataalamu wa huko walipoacha jina la bata mmoja wa baharini lililokuwa tusi kwa wanawake wa makabila ya asili, wakamwita bata mkia mrefu, jina ambalo Waingereza walikuwa wakilitumia tayari. Aliyasema hayo kwa utulivu, bila hotuba, akasonga mbele.

Binti yangu aliuliza swali ambalo nami nilikuwa nalo: kwa nini watu wajisumbue na majina mengi hivyo, wakati sisi mjini tunasema bata maji na tunaelewana? Jibu lilikuwa zuri. Kijana alisema kwamba jina moja kwa bata wengi, au majina mengi kwa bata mmoja, huleta shida siku sheria inapoingia. Marekani ilipopitisha sheria ya kuwalinda ndege wahamao mwaka 1918, mwindaji wa jimbo moja na askari wa jimbo jingine hawakuwa na lugha moja, kwani jina kama butterball, bonge la siagi, lilikuwa la bata huyu mahali hapa na la bata yule mahali pale. Mwaka 1923 Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ikatoa orodha ya majina ya mitaani ya ndege wa kuwindwa, iliyokusanywa na mtaalamu wa ndege W. L. McAtee, ili watu wajue sheria inamzungumzia nani. Bata maji, kwa hiyo, ni neno la sokoni. Anayetaka kumlinda bata fulani anahitaji neno linalomhusu bata huyo peke yake.

Na hapohapo ndipo penye lawama yangu kubwa kwa huduma hii. Safu ya majina ya Kigogo, ambayo ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza na nene kuliko zote, ni nyembamba. Kurasa kadhaa za mwanzo hazina jina hata moja la hapa. Majina ya Kijerumani yamejaa, ya Kiafrikana yamejaa, lakini mjomba anayeusukuma mtumbwi, ambaye amevua bwawani hapa tangu ujana wake, hakuulizwa mpaka nilipomwuliza mimi. Alitaja majina mawili, moja la bukini mwenye kipi na jingine la yule mwenye kinundu, kila moja na sababu yake, na sababu ya la pili ilitufanya sote tumtazame tena yule ndege kwa jicho jipya. Kijana aliandika haraka, uso wake ukiwa na haya kidogo. Waliniomba nisiyatangaze mtandaoni kabla hawajayakusanya vizuri kwa wazee wengine, nami nimeiheshimu ahadi hiyo. Lakini nawasihi wasikawie. Kuna bibi na babu katika vijiji vya Hombolo, kule Bahi kwenye ardhioevu, hata kwa Warangi wa Kondoa, ambao wanayajua majina haya, na hakuna mgeni wa Ulaya atakayekuja kuwaandikia.

Aliponikabidhi kalamu niandike jina la kwetu, niliandika bata bukini. Nikaeleza kwamba Bukini ni jina ambalo Waswahili wa pwani waliita kisiwa cha Madagaska, kwa hiyo jina hilo linamtaja ndege kwa nchi ya ng'ambo ambayo watu walimhusisha nayo. Nikaongeza kwamba neno bata lenyewe lina ndugu yake katika Kiarabu, batt. Mjomba alishangaa kwamba neno alilolitumia maisha yake yote limebeba kisiwa ndani yake. Tuliandika pia, kwa kalamu ya binti yangu, kwamba bata mzinga hayumo katika ukoo wa bata hata kidogo, ila amekopeshwa jina.

Yapo mambo ya kurekebisha, na nimemwambia mwenyewe kabla ya kuyaandika hapa. Jaketi za kujiokolea zilikuwa tatu, nasi tulikuwa wanne. Kijana alivua yake akampa binti yangu, jambo la heshima, lakini huduma inayobeba watoto haipaswi kuondoka ufukweni mpaka kila mtu awe na yake. Darubini ni mbili, na moja ina ukungu ndani ya kioo upande wa kushoto, hivyo tulipokezana ile nzima na mara mbili ndege akaruka kabla ya zamu yangu. Tuliambiwa tuwe ufukweni saa kumi na mbili kamili, mtumbwi ukafika dakika 40 baadaye, na kwa watazamaji wa ndege dakika hizo ndizo zenye thamani kuliko zote. Jambo jingine ni kadi ndogo unayopewa mwishoni kama ukumbusho, yenye picha za bata kumi: majina yote juu yake ni ya Kiingereza. Baada ya asubuhi ya namna ile, kadi hiyo ilinihuzunisha. Nimejitolea kuiandika upya kwa Kiswahili bila malipo, na amekubali.

Kwa atakayekwenda, piga simu siku mbili kabla na usisitize idadi ya jaketi. Vaa viatu visivyoogopa tope, chukua kofia, na uwe na darubini yako ukiweza kuazima. Kutoka mjini yapo magari ya abiria ya Hombolo, lakini ya kwanza hayawahi alfajiri, hivyo ama ulale Hombolo ama ukodi usafiri. Walimu wanaofikiria kuleta darasa wajue kwamba mtumbwi hauchukui zaidi ya abiria watatu, ingawa kijana yuko tayari kulisoma daftari akiwa ufukweni kwa kundi kubwa, na bata wenye uso mweupe huonekana vizuri hata kutoka ukingoni. Mimi nitarudi Novemba, wakati yule wa chanuo atakapokuwa amefika tena, na nimemwomba mjomba aje na shangazi yake, ambaye anasema anajua majina ya bata kuliko yeye.